Nukta Nyekundu na Fahali Nambari 117

Jumatatu, 4 Agosti

Siku nne! Madam Dorothy, mwenye ofisi, ametuita asubuhi mimi na Chebet akatuambia barua ya ajira ya kudumu ni moja tu. Atampa mmoja wetu Ijumaa jioni. Mwingine ataendelea kuwa wa majaribio, kama bado atataka. Aliyasema haya huku akimenya ndizi, kana kwamba hakuna mtu anayekata roho mbele yake.

Mimi, Lazarus Andati, nina miezi kumi na moja hapa. Chebet ana minne. Haki iko upande wangu. Tatizo ni kwamba Mama, kule Ekero, nilishamwambia barua nimepata. Nilimwambia mwezi wa sita. Nia ilikuwa njema, alikuwa na homa. Naye akapona siku hiyohiyo, akaenda kanisani, akasimama wakati wa matangazo. Tangu hapo wazee wa kanisa wananiita Mhandisi. Kwa hiyo barua hii siitafuti. Nairudisha mahali pake.

Kazi ya wiki ni programu ya chama cha wenye mafahali wa mchezo. Inawaandikisha mafahali, inalinganisha uzito na umri, inapanga nani apigane na nani. Ijumaa upangaji utafanywa ofisini mbele ya wenyewe. Jumamosi mapambano, Isecheno.

Leo tumeijaribu. Mafahali hamsini na tisa. Wote sawa, isipokuwa Kifaru wa Khayega kubaki bila mpinzani, na jambo moja la ajabu. Radi, fahali wa Mzee Hezekiah wa Isecheno, amepangiwa fahali aitwaye Simiti. Simiti ni nani? Hakuna anayejua. Simu ya mwenyewe haipatikani. Mzee Hezekiah akapigiwa. Akasema jina hilo hajawahi kulisikia maishani, na kwamba Radi wake hapigani na jini. Tumepanga mara tatu. Mara tatu, Simiti!

Madam amesema programu isiporekebishwa, Radi ataondolewa. Na atakayelipata kosa hilo, yeye atamtazama vizuri Ijumaa. Alinitazama mimi. Au saa iliyo juu yangu.

Nimeanza papo hapo kwa njia yangu. Njia yangu ni kuiambia programu, kila baada ya mistari michache, iseme NIKO HAPA. Hivyo najua imefika wapi. Kufikia jioni ilikuwa imesema NIKO HAPA mara mia nne na kumi na mbili. Mahali Simiti alipotoka haikusema hata mara moja.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeona maajabu.

Chebet hakuandika NIKO HAPA hata moja. Saa tatu alikuwa bado anakunywa uji. Saa tatu na nusu akafungua dibaga. Habari za dibaga nimezisikia tangu chuoni: ni chombo cha kuichungulia programu ikiwa kazini mpaka kosa lionekane. Sikuwahi kukigusa. Nilidhani ni cha watu wanaokosea sana.

Mpango: kumwibia ujuzi. Nikachukua kikombe cha chai nikasimama nyuma yake kama mtu anayetazama mvua dirishani. Hakukuwa na mvua.

Akaweka nukta nyekundu kando ya mstari mmoja wa programu. Moja tu! Akaiwasha. Programu ikakimbia, ikafika kwenye nukta, ikasimama. Kabisa. Mstari ukawaka manjano. Pembeni dirisha likafunguka, na kila kitu kilichokuwa tumboni mwa programu saa ile kikawa kimeandikwa pale: jina la fahali, uzito, umri, mwenyewe. Mimi miaka yote naiuliza programu maswali nikiwa nje ya mlango. Huyu dada ameingia, ameketi, anafunua sufuria moja moja.

Akabonyeza, ikasogea mstari mmoja. Akabonyeza, mwingine. Alipotaka kuingia ndani ya kazi ndogo aliingia, alipochoka akatoka, pasipomhusu akaruka. Na programu inatii! Hii programu ambayo imenidharau miezi kumi na moja!

Chai ikapoa mkononi. Nilisahau kabisa kwamba nilikuwa naiba, nikapayuka, "Wewe!" Akageuka. Akaniuliza kama nataka kuona vizuri. Akanivutia kiti. Saa nzima amenifundisha. Dirisha la kwanza ni la thamani zote. La pili unaandika kitu kimoja tu unachokishuku, nacho hakikuponyoki tena. La tatu ni msururu wa miito: kazi hii iliitwa na ile, ile ikaitwa na nyingine, mpaka chini kabisa. Huko chini, akasema, ndiko mwanzo wa maneno. Ni kama kifaranga kikikanyagwa nyumbani. Usiulize tu nani alikikanyaga. Uliza nani alifungua banda, na huyo alitumwa na nani.

Lazima niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma. Nimemvulia kofia. Vidole vyake havina haraka, na hajifanyi anajua asilolijua.

Nilikuja kuiba, nikapewa. Inaudhi. Mtu mwenye adabu angeficha.

Jumatano, 6 Agosti

Dibaga nimeishika mwenyewe!

Asubuhi ilikuwa na mikosi midogo. Niliona nukta moja ya Chebet ni ubahili, nikaweka sitini na tatu. Programu ikawa inasimama kila inaponyanyua mguu. Kufikia saa sita bado nilikuwa kwenye fahali wa pili, na kidole cha kubonyezea kimekufa ganzi. Chebet akapita, akaitazama skrini yangu iliyojaa upele, akasema polepole kwamba nukta inaweza kupewa sharti. Iambie isisimame mpaka fahali awe Radi. Kisha akaenda zake kuchota maji.

Sharti! Nukta inakaa kimya, mafahali arobaini wanapita mbele yake na haikohoi. Akija yule inayemtaka, inamdaka. Hakuna bawabu mjini hapa mwenye akili hiyo. Nilitaka kupiga makofi.

Saa nane. Nukta moja, sharti moja. Ikasimama. Nikasoma dirisha la thamani. Radi: kilo mia tano arobaini, miaka sita, nambari ya hereni sikioni 117. Mpinzani, Simiti: kilo mia tano arobaini, miaka sita, hereni 117.

Nikasugua macho. Mafahali wawili hawavai hereni yenye nambari moja, na programu huvuta uzito na umri wa leo kwa nambari hiyo. Programu hutafuta mpinzani wa uzito na umri ulio karibu zaidi, na duniani hakuna aliye karibu na Radi kumshinda Radi. Fahali wa Mzee Hezekiah amepangiwa kupigana na nafsi yake!

Nimelipata mimi! Kabla ya Chebet! Nikaruka. Nilishafika mlangoni kwa Madam, mkono uko juu tayari kubisha, ndipo nikawaza: nitaulizwa huyu Simiti aliingiaje. Nikarudi. Nikahamisha nukta mpaka pale programu inaposoma orodha kila inapowashwa, nikaipa sharti la Simiti, nikafungua dirisha la msururu. Chini kabisa, kwenye mwanzo wa maneno, palikuwa na kazi ndogo iitwayo Ingiza Haraka.

Ingiza Haraka niliiandika mimi. Mwezi wa tatu! Nilikuwa natia mafahali waliotoka Ekero kutoka kwenye karatasi za zamani. Mashine ikakataa mmoja, eti nambari 117 ipo tayari. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na nusu. Nikaiandikia kijimstari cha kuizuia isikatae. Juu yake nikaacha maelezo, nayo yapo mpaka leo: "Inakataa bila sababu. Tutarekebisha baadaye. L."

Ofisi nzima ina L mmoja.

Sasa tazama balaa. Nikisema kosa nimelipata, wataliona ni langu. Nikinyamaza, Chebet atalipata, na wataliona ni langu. Nikifuta ule mstari kimyakimya, kila badiliko la programu huandikwa nani kalifanya na lini, na Chebet husoma orodha hiyo kila asubuhi akinywa uji, kama wengine wanavyosoma matangazo ya vifo. Nimekula mandazi mawili bila kuyasikia ladha.

Saa kumi. Wokovu! Programu ikiwa imesimama, ukibonyeza mara mbili juu ya thamani yoyote pale dirishani, unaweza kuibadilisha. Kwa mkono! Programu yenyewe haina habari. Inaamka, inaendelea na safari, inaamini ndivyo mambo yalivyokuwa tangu awali. Nimefuta Simiti, nimeandika Kifaru. Nikairuhusu iende. Radi dhidi ya Kifaru! Na dibaga haiachi unyayo.

Aliyebuni chombo hiki, popote alipo, Mungu ambariki.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango Mkuu. Kesho Chebet ataendesha upangaji mbele, kwenye kompyuta kubwa, majina yakionekana ukutani. Mimi nitakuwa nyuma na laptopu yangu, dibaga imeunganishwa na kompyuta hiyohiyo. Nukta yangu inamngoja Radi. Akifika, programu itasimama. Naandika Kifaru. Naachilia. Sekunde tatu. Wazee watadhani mashine imemeza mate. Baadaye, kwa unyenyekevu, namwambia Madam kosa nililitibu usiku na mchana.

Nimefanya mazoezi mara tano Chebet akiwa nje. Mara ya tano, sekunde mbili!

Na Chebet alikuwa nje wapi? Isecheno! Amekwenda kumtazama fahali! Nilicheka mpaka nikashika meza. Programu ina ugonjwa, mganga anakwenda kumpima ng'ombe. Amerudi saa tisa, matope mpaka magotini, ameshiba. Anasema nyumbani kwa Mzee Hezekiah hawakumruhusu kuondoka bila obusuma na ingokho, ugali na kuku. Amempiga Radi picha ya sikio. Hereni inasomeka vizuri sana: 117.

Nikaacha kucheka.

Akaniuliza kama mimi nimepata chochote. Nikasema bado, nachunguza chunguza. Akasema tukikaa pamoja tutamaliza leo. Ni kweli tungemaliza. Nikasema kichwa kinaniuma. Akanipa dawa yake. Nikaimeza bila kuumwa na chochote.

Mama amepiga simu. Jumapili niende nyumbani bila kukosa. Kuna jambo kanisani, hataki kuniambia ni jambo gani. Alikuwa anacheka peke yake.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika haya nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya ofisi.

Saa nne walifika wenye mafahali, kama thelathini hivi, na fimbo zao. Chebet mbele. Mimi nyuma, laptopu wazi, vidole tayari. Majina yakaanza kupita ukutani, wawili wawili. Wazee wanaguna kwa kuridhika. Nilisimama kidogo tu kufungua mlango, joto lilikuwa jingi. Na hapo mlangoni ndipo alipokuwa anaingia Mzee Hezekiah, amechelewa.

Akasema mulembe. Nikajibu mulembe. Akanishika mkono.

Hakuuachia. Kwetu mkono wa mzee hauvutwi. Unaushika mpaka yeye atosheke. Akauliza mimi ni mwana wa nani. Wa Andati. Andati yupi? Wa Ekero. Ooh, Ekero! Ndiko alikonunua Radi wake! Na nyanya yangu alitoka ukoo gani? Nikaanza kumweleza nyanya. Ukutani pakatokea: "Radi dhidi ya". Halafu hapakutokea kitu.

Nukta imefanya kazi yake. Nukta yangu nzuri, mwaminifu!

Laptopu ilikuwa hatua mbili kutoka niliposimama. Mzee amefika kwa mjomba wa nyanya. Nikajinyoosha, nikaifikia kwa mkono wa kushoto, nikabonyeza mara mbili, nikaandika K, i, f, a. Mzee akaona huo mkono mwingine uko huru. Akaushika nao.

Dakika tisa! Nimezihesabu kwenye saa ya ukuta. Watu thelathini wanatazama neno "dhidi ya". Mmoja akasema mashine imemwona Radi ikaogopa. Wakacheka. Mwingine hakucheka, akasema alijua tu kuna jini. Madam akamuuliza Chebet kuna nini. Chebet akakagua, akasema programu haijafa, imesimamishwa na mtu. Akainua macho, akayapitisha chumba kizima, mzee baada ya mzee, mpaka kwangu, mikono yote miwili imefungwa ndani ya mikono ya Mzee Hezekiah. Kisha kwenye laptopu.

Akaja. Hakukimbia. Akasoma dirisha la thamani, na neno langu lisilokwisha, "Kifa". Akashuka kwenye msururu mpaka chini. Akafungua Ingiza Haraka. Niliiona midomo yake inasoma maelezo yangu. Niliiona ilipofika kwenye L.

Nilijua nimekwisha. Badala yake alitoa simu yake, akamwonyesha Mzee ile picha, akauliza kwa heshima kama Radi alinunuliwa akiwa na hereni hiyohiyo. Mzee akasema ndiyo, alikuja nayo kutoka Ekero. Na huko alikuwa anaitwaje?

Mzee akaniachia mikono yote kwa mshtuko. "Hapana, mukhana wangu! Jina ya zamani huwa hatuulizangi. Ng'ombe ukiiita jina ya zamani, inakumbuka boma ya zamani. Inatoka mbio." Wazee wote wakatikisa vichwa. Bila shaka! Fahali akinunuliwa hupewa jina jipya, na la kale halitajwi. Ndiyo sababu Mzee hakuwahi kumsikia Simiti: alimfuga mwenyewe miaka miwili bila kumjua. Na mimi, mtu wa hapa, niliyekulia na ng'ombe, niliandika programu inayotambua fahali kwa majina.

Chebet alirudi kwenye kompyuta kubwa. Nadhani alikuwa anafurahi. Akaketi, na mbele ya watu wote akaonyesha ukutani: hereni hii, hereni ile, fahali mmoja, majina mawili. Akamtoa yule wa karatasi, akaifanya programu itambue fahali kwa hereni badala ya majina. Wakabaki hamsini na wanane. Akawasha upya. Radi dhidi ya Kifaru, na hakuna aliyebaki bila mpinzani. Wazee wakagonga sakafu kwa fimbo. Nami niligonga kwa mguu, nashindwa kujizuia. Ilikuwa kazi safi.

Madam akauliza ile nukta ni ya nani. Chebet akasema ni ya Lazarus, na kwamba iliwekwa mahali hasa palipo na kosa, wala sharti lake halikukosea. Kila neno lilikuwa kweli. Hakuongeza. Lakini Madam akavaa miwani, akaenda mwenyewe kwenye laptopu yangu, akasoma madirisha yote matatu taratibu, akaniuliza L ni nani.

Barua amepewa Chebet. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, chini ya Chebet. Madam aliniambia tukiwa wawili tu kwamba kosa lenyewe halikumsumbua, kila mtu ana lake la mwezi wa tatu. Lakini nilipomweleza ya Jumatano, akasema kama ningebisha ule mlango, barua ingekuwa na jina langu. Nimelia. Si sana.

Chebet amenifuata huku kwenye ngazi na chai. Nikamuuliza kwa nini hakunisema. Akasema hakukuwa na haja, yote yalikuwa kwa skrini. Kisha akasema nilichokijua kwa siku tatu kilimchukua yeye mwaka mzima. Sijui pa kuweka maneno kama hayo. Nimekunywa chai.

Jumamosi, 9 Agosti

Isecheno. Umati, ngoma za isikuti, ukungu bado umekaa kwenye miti ya msitu. Chebet amevaa gambuti, buti za mpira, safari hii.

Mzee Hezekiah hapigi kelele kama wenzake. Anasimama, anatazama. Alituambia Radi ataegemea kulia, na Radi akaegemea kulia. Akasema sasa Kifaru atapumua, na Kifaru akapumua. Akasema ngojeni mguu wa nyuma uzame. Ukazama. Mzee huyu anaona ndani ya ng'ombe, thamani zote, mstari kwa mstari, bila umeme. Chebet alinong'ona kwamba angelipa kujua hivyo. Radi akasukuma mara moja tu, Kifaru akageuka akakimbia, na uwanja mzima ukamiminika ndani.

Katika shangwe hizo likanijia wazo la kisayansi. Je, akisikia lile jina la kale, ni kweli atakumbuka? Nilifungua mdomo. Chebet alinikanyaga kwa gambuti.

Tulikaribishwa nyumbani. Kuku wawili. Firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye boma na haigusi sahani ya mwanamke, Mzee aliichukua kwa vidole vyake mwenyewe akaiweka kwenye sahani ya Chebet. Mke wake akapiga kigelegele. Chebet hakujua ni nini, akaila akasema ni tamu. Wivu ulinishika, halafu ukaniachia, kwa sababu ilikuwa haki.

Njiani nilimweleza habari ya Mama na ya matangazo kanisani. Yote. Hakucheka. Akasema nikaseme ukweli kesho, mapema, kabla jambo halijakua. Nimeamua. Kesho nasema ukweli. Moyo mwepesi!

Jumapili, 10 Agosti

Ekero. Jambo la Mama lilikuwa ibada ya shukrani. Kwa ajili ya barua yangu.

Amevaa kitenge kipya. Ameketi mbele, akina mama wa kikundi chake wote wamevaa kitenge hichohicho. Mchungaji ameniita. Nimepewa kipaza sauti. Nilikuwa nao ukweli mdomoni, nimeufanyia mazoezi tangu mapambazuko: ndugu zangu, barua sikupata. Maneno manne tu, salamu ikiwemo.

Nikamtazama Mama. Kanisa zima lilikuwa limesimama, hakuna anayepumua, na mimi nikaviona vyote waziwazi. Miaka aliyopalilia miwa ya watu. Viatu vyangu vya shule. Uso wake. Ndipo nikabadilisha thamani moja.

Nikasema barua ninayo. Nikasema pia, sijui kwa nini, kwamba nimepewa mtu wa kumsimamia, anaitwa Chebet, ni mchapakazi sana, namsaidia aendelee. Vigelegele! Mama alilia, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Nimeona aibu, aibu ya kweli, imenikaa hapa shingoni mpaka sasa. Lakini Mama alifurahi kiasi gani! Hakuna fundi ambaye angebonyeza kitu kingine.

Tatizo dogo. Nilipokuwa nakula, Mama alichukua simu yangu akampigia Chebet. Alitaka kumsalimia huyo binti ninayemsimamia. Anasema alimuuliza kama mkubwa wake anamtendea mema. Anasema upande ule alisikia kicheko kirefu, halafu Chebet akasema, "Sana, Mama." Amealikwa Jumapili ijayo, na amekubali kuja. Mtu mwema kupita kiasi.

Na kwa kuwa mimi husahau vitu, Mama amemwomba aje na ile barua yangu kutoka ofisini. Fundi seremala ameshapima fremu.

Nimefikiri tangu saa nane. Nimetulia. Barua ya Chebet iko kwenye droo yake ya juu, haina kufuli, na mashine ya kunakili iko karibu na meza yangu. Tarehe ni sahihi, muhuri ni sahihi, sahihi ya Madam ni sahihi. Ni jina moja tu la kubadilisha, na kesho nitafika kazini kabla yake.